Uvira: Muuzaji wa majina ya intaneti anarudishiwa pesa, mnunuzi anaambiwa asahau

Hapa Uvira, kamati ya wahamishwa, redio ya mtaa au wauza samaki wa Kalundu wakitaka tovuti, mara nyingi hawana kadi ya benki ya kulipia. Wanachangishana franka na kumpelekea kijana mwenye ofisi ya kompyuta, naye anawanunulia jina, lile la kumalizika na .com, .org au .cd. Jina likitoka na kosa, wanasomewa maneno yaleyale ya risiti ya duka la viatu: kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi.

Kwa viatu, sawa. Kwa majina ya intaneti maneno hayo ni ya kutudanganya, walau siku za kwanza. Kampuni iliyosajili jina la .com au .org inaweza kulifuta ndani ya siku 5, na ofisi kuu inayotunza daftari la majina hayo inairudishia pesa yake. Muda huo upo tangu zamani, na unafaa kabisa kwa mtu aliyekosea herufi moja.

Lakini nani aliufaidi? Wafanyabiashara wakubwa. Miaka ya 2000 walisajili majina kwa mamilioni, wakayaonja siku tano waone lipi linavuta watu kwenye matangazo yao, kisha wakarudisha yaliyobaki bila kulipa. ICANN, shirika linalosimamia majina hayo duniani, liliwabana mwaka 2008 na 2009 tu: anayefuta kupita majina 50 kwa mwezi, au asilimia 10 ya usajili wake mpya kama hiyo ndiyo kubwa zaidi, harudishiwi ziada. Na kanuni hiyohiyo haimlazimishi muuzaji kumpa mnunuzi wake hata franka moja. Tajiri alichezea mamilioni ya majina akarudishiwa. Mama aliyekimbia Kamanyola na mtoto mgongoni, akatoa mchango wake kwa tovuti ya kamati, yeye asahau!

Kidonda hiki tunakijua. Kuanzia 2020 RAM ilikata uniti zetu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Ikafutwa 2022 baada ya kelele za wananchi na wabunge. Ndugu msikilizaji, wewe ulirudishiwa ngapi?

Vijana wa kompyuta watanijibu kwamba wao pia wamelipa umeme, megabaiti na makato ya kutuma pesa. Ni kweli, na kazi yao ilipwe. Basi waandike bei mbili kwenye risiti: bei ya jina peke yake, bei ya kazi peke yake. Ya kazi wabaki nayo. Ya jina, ikiwa imerudi kwao, si yao. Pia waandike jina limesajiliwa kwa anwani ya nani, maana likiwa kwa anwani ya muuzaji, mwaka ukiisha atawauzia tena kitu chenu.

Kuhusu .cd, iliyochukua nafasi ya .zr ya wakati wa Zaire, kanuni za ICANN hazitufungi. Nchi yenyewe ndiyo inapanga. Hapo wakubwa wa Kinshasa hawana wa kumsingizia. Kanuni ya Numerike imetiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ipo. Watoe agizo: pesa iliyorudi kwa muuzaji ifike kwa mnunuzi, na siku zihesabiwe tangu jina liliposajiliwa.

Tarehe hiyo haifichwi. Kwa .com na .org, mtu yeyote anaitazama bure kwa simu kwenye ukurasa wa ICANN. Wenzetu mlio kambini Burundi mnaotuma michango Uvira, mwambieni ndugu aliyelipa apige picha risiti na kuwatumia siku hiyohiyo, mlisome jina herufi kwa herufi. Siku ya sita mtakuwa mmechelewa.