Wimbi Moja, Mikono Minne

Lile wimbi kubwa la buluu unalijua, usinibishie. Umeliona kwenye fulana, kwenye kava za simu, na tangu 2024 limo hata kwenye noti ya Japani ya yeni 1,000. Ukiulizwa nani kalichora utajibu haraka: Hokusai, mzee wa Edo (ndiyo Tokyo ya leo), mnamo 1831 hivi. Sawa kabisa. Ila hapo umemtaja mtu mmoja kati ya wanne.

Picha zile zilipigwa chapa kwa mbao, jamani. Hokusai alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga kufuata mistari ile ile, na karatasi yenyewe ikaishia hapo hapo. Yaani mchoro ulikufa ili picha izaliwe! Kisha mpiga chapa akapaka rangi ubaoni, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongoni. Kila rangi na ubao wake, karatasi ile ile inarudi tena na tena, na ikihama kidogo tu, imeharibika. Pesa zilikuwa za mchapishaji, Nishimuraya Yohachi. Zisiponunuliwa, hasara yake. Lakini jina lililoandikwa juu ya wimbi ni la Hokusai peke yake.

Shosti wangu mmoja anaoka keki mpaka saa nane usiku. Mchana watu wanampongeza mumewe kwa "biashara yake", naye bwana anaitikia, "Tunashukuru Mungu." Nikimuuliza, shosti anacheka tu. Kicheko chenyewe sikipendi.

Hokusai naye alikuwa na binti, Ōi, mchoraji hodari. Aliolewa na mchoraji mwenzake, ndoa ikavunjika; inasemekana alikuwa akizicheka picha za mumewe (hapo, dada, ulizidisha). Akarudi kwa baba, akafanya naye kazi mpaka mzee alipofariki 1849. Zenye jina lake mwenyewe ni chache mno. Moja, hii ya brashi, iko kwenye makumbusho ya Ota, Tokyo: usiku wa Yoshiwara, mtaa wa starehe, giza na mwanga wa taa. Utafute sahihi pembeni, huioni. Aliigawa herufi herufi, akaificha kwenye taa tatu.