Ziara ya Mwaka Huu Iende Rubondo



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, kila unapofika wakati wa ziara ya madrasa maneno huwa ni yale yale. Watoto wanataka ufukwe, wazazi wanauliza gharama, na mwisho basi linatupeleka pale pale pa mwaka uliopita. Safari hii sisi tunapendekeza Kisiwa cha Rubondo, tena tukatembee kwa miguu.

Rubondo kimo katika Ziwa Victoria hili hili tunalokunywa maji yake, kusini-magharibi, kiasi cha kilomita 150 kutoka Mwanza. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, kisha Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Eneo lote ni kilomita za mraba 456, na karibu nusu yake ni maji. Nchi kavu karibu yote ni msitu. Simba hakuna, chui hakuna, fisi hakuna. Kwa hiyo matembezi ya miguu ni jambo la kawaida, ila lazima mfuatane na askari wa hifadhi, kwani tembo wapo, na ukingoni kuna viboko na mamba.

Lakini hasa tunataka watoto wakawaone ndege. Tai mla samaki yuko kila upande, na sauti yake husikika kabla hujamwona. Kuna minandi, korongo, yangeyange, na mdiria anayejitupa majini kama jiwe. Wapo pia kasuku wa kijivu. Hao si wenyeji wa kisiwa: walikamatwa mikononi mwa wafanyabiashara haramu, na mwaka 2000 wakaachiwa huru humo. Hata sokwe wa Rubondo wana habari kama hiyo. Waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1966 hadi 1969, baada ya kuishi katika vizimba, wakajifunza upya kutafuta chakula msituni. Wajukuu wao kwa miaka mingi hata hawakupenda kusogelewa na watu.

Sasa tuseme ukweli. Baadhi ya vijana wetu wakitoka darasani mkono mmoja una juzuu, mwingine una manati. Wameisoma Suratul An'am, aya ya 38, inayotufundisha kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Wengine wameihifadhi kabisa. Kumchapa kijana huyo tumejaribu, na manati bado yako mfukoni. Akikaa kimya nusu saa chini ya mti, akamwona ndege analisha makinda yake, tunadhani atafikiri.

Wapo wazee watakaosema Rubondo ni kisiwa walichofukuzwa watu. Ni kweli, wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa miaka ya 1960, na watoto waelezwe hilo pia, wasidhani kisiwa kilikuwa kitupu. Hata hivyo maji yanayokizunguka hayavuliwi kibiashara, na samaki huzaliana humo. Kwa familia zinazoishi kwa sato na sangara, hilo si jambo dogo.

Gharama ipo, hatufichi. Boti ndiyo inayokula fedha. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno kuliko cha wageni. Ikishindikana kabisa, tuanze na Saanane, hifadhi ndogo iliyo hapa hapa mjini Mwanza, dakika chache kwa boti.

Mama mmoja alituuliza kuhusu sala. Safarini tutapunguza kama ilivyoruhusiwa, na kibla watoto wakitafute wenyewe kwa jua: kutoka Rubondo ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo.

Tunashauri twende kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Kila mtoto aje na viatu vya kufunika vidole, chupa ya maji na daftari la kuandikia ndege atakaowaona. Mzazi mwenye darubini atuazime. Manati yabaki nyumbani.