Pikipiki ya Mbio Iliyozeeka: Chuma Hungoja, Mpira Haungoji

Wapo watu wengi wanaoamini kwamba umri wa chombo cha moto husomwa katika kilometa zilizoandikwa kwenye saa yake. Mtu anayeuza pikipiki ya zamani husema, "Hii imetembea kidogo tu, miaka yote ilikuwa imewekwa ndani," na mnunuzi akafurahi, akidhani amepata chombo kipya kwa bei ya chombo kikuukuu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Makusudio yangu ni kueleza kwa nini imani hiyo ni ya hatari, na kutoa rai kwamba mwenye pikipiki ya mbio ya zamani aanze matengenezo mahali ambapo wengi wetu humalizia, yaani kwenye mafuta ya breki, mipira na tairi.

Kwanza yafaa tuitazame pikipiki yenyewe. Katika miaka ya 1980 viwanda vya Japani vilileta katika barabara za kawaida ufundi uliokuwa wa viwanja vya mashindano. Mwaka 1984 Kawasaki walitoa GPZ900R, yenye injini ya silinda nne na valvu 16 inayopozwa kwa maji, ambayo iliweza kupita kasi ya kilometa 240 kwa saa. Mwaka 1985 Suzuki walianza kuuza GSX-R750, yenye fremu ya aluminiamu na uzito wa kilogramu 176 tu kabla ya kutiwa mafuta na maji ya betri. Mwaka 1987 Honda nao wakatoa CBR600F. Pikipiki za kizazi hicho sasa zina umri wa miaka 40 hivi, nazo zinapatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya pikipiki mpya ya aina hiyo. Lakini jambo moja halikushuka pamoja na bei: kasi. Injini iliyotunzwa kwa kadiri bado itamfikisha mpandaji kilometa 200 kwa saa. Swali ni je, vile vilivyowekwa ili kuizuia kasi hiyo vina hali gani?

Mimi nililijibu swali hilo kwa njia isiyofaa. Pikipiki yangu ni ya mwisho wa miaka ya 1980, ya silinda nne na kabureta nne. Nilipoinunua niliipaka rangi, nikaifunga cheni mpya na spoketi zake, nikang'arisha bomba la moshi hata mtu akaweza kujitazama humo. Miezi michache baadaye niliiendesha hadi Lushoto, na asubuhi ya pili nikaanza kuteremka kurudi Mombo. Wanaoijua barabara ile wanafahamu kwamba kwa kilometa zaidi ya 30 ni kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Niliteremka kwa gia kubwa, injini ikinguruma polepole, mkono wa kulia ukiwa juu ya breki ya mbele karibu wakati wote. Nilipokuwa nimebakiza theluthi moja ya mteremko, nikiingia katika kona ya kushoto, nilivuta mkono wa breki ukaja wote mpaka kwenye mshikio pasipo kizuizi chochote, kana kwamba hapakuwa na kitu ndani yake. Niliokolewa na breki ya nyuma, ambayo ina mafuta yake peke yake, na gia mbili nilizozishusha kwa pupa. Nilisimama katika kokoto za upande wa mwamba. Laiti kona ingalikuwa ya upande wa pili, nisingaliandika makala haya.

Baada ya nusu saa nilijaribu tena ule mkono wa breki. Ulikuwa mgumu kama kawaida. Hapa ndipo palipo na mtego, kwa sababu mtu asiyejua sababu angesema, "Ilikuwa bahati mbaya tu," akaendelea na safari.

Sababu yenyewe si ya bahati, bali ni ya hesabu. Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa joto. Pikipiki na mpandaji wake wenye uzito wa kilogramu 280 kwa jumla, wakiwa katika kasi ya kilometa 100 kwa saa, wana nguvu ya mwendo ipatayo jouli 108,000. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Sasa tuutazame mteremko. Kutoka Lushoto hadi Mombo mtu hushuka mita zipatazo 1,000. Kilogramu 280 zikishuka mita 1,000 hutoa jouli zipatazo milioni 2.7, yaani sawa na kuisimamisha pikipiki hiyo kutoka kilometa 100 kwa saa mara 25 mfululizo. Ni kweli kwamba upepo na msuguano wa tairi huchukua sehemu yake, na injini iliyo katika gia ndogo huchukua sehemu kubwa zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimeinyima injini kazi hiyo kwa kuteremka na gia kubwa, na mzigo wote nikaupeleka kwenye sahani mbili za chuma na mafuta yaliyo nyuma yake.

Mafuta ya breki si mafuta ya kulainisha. Yale yanayotumika zaidi yana asili ya glikoli, na tabia yake ni kunyonya unyevu wa hewa. Huunyonya kupitia kifuniko cha kikopo chake, na hata kupitia mipira ya breki yenyewe, kidogo kidogo, iwapo pikipiki inatembea au imefunikwa shuka ghalani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiwa yamekwisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakizidi kukaa hushuka zaidi ya hapo. Mafuta yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminiko, hukubali kubanwa. Ndiyo maana mkono wa breki ulikuja mpaka mwisho: nilikuwa nikibana mapovu. Yalipopoa, mvuke ukarudi kuwa kimiminiko, na breki ikajifanya mzima.

Nilipofika Mombo, kwa mwendo wa miguu karibu, nilimtafuta fundi. Alikuwa mzee mwenye maneno machache. Baada ya kuniitikia shikamoo yangu alifungua kile kikopo cha breki, akachungulia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, haya ni mafuta au ni chai ya rangi?" Mafuta mapya ya aina ile ni meupe au ya manjano hafifu, yangu yalikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva. Akauliza tena, "Yalibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu. Niliweza kumwambia siku niliyopaka rangi, na bei ya cheni, lakini jambo lililoshika uhai wangu sikulijua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vitabu vya matengenezo vya pikipiki za Kijapani huagiza kwa kawaida kwamba mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, na vingi huagiza mipira ya breki ibadilishwe kila miaka minne. Zingatia, msomaji, kwamba agizo hilo ni la miaka, si la kilometa. Waliolitunga walijua kwamba vitu hivi huzeeka vikiwa vimesimama.

Hali ni hiyo hiyo kwa tairi. Mpira wa tairi huimarishwa kiwandani kwa salfa na joto, lakini hewa ya oksijeni, ozoni, joto na mwanga wa jua huendelea kuubadili hata baada ya hapo. Hukauka, hugumu, hupata nyufa nyembamba ubavuni, na uwezo wake wa kung'ang'ania lami hupungua, ingawa michirizi yake bado ni mirefu. Umri wa tairi si siri. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2309 ilitoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ikiwa ina tarakimu tatu tu, basi ni ya kabla ya mwaka 2000, na haifai kwa chochote ila kufungia mashua gatini. Pikipiki ya mbio huinama katika kona, nayo hubebwa na vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa usiozidi sana kiganja cha mkono.

Kuna wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba injini ndiyo moyo wa pikipiki, hivyo fedha kidogo iliyopo iende huko kwanza. Sipingi kwamba injini yahitaji uangalizi. Petroli iliyokaa miezi mingi katika kabureta hupoteza sehemu zake nyepesi, ikaacha utomvu unaoziba matundu yasiyofika nusu milimita. Nafasi za valvu zahitaji kupimwa kwa wakati wake. Betri ya volti 12 yapaswa kuonyesha volti 12.6 hivi ikiwa imetulia, na baina ya 13.5 na 14.5 injini inapozunguka kwa kasi ya kadiri. Ikizidi au ikipungua, mtambo wa kurekebisha chaji una kasoro. Hayo yote ni ya lazima. Lakini lazima pia tuyapange kwa daraja. Hitilafu ya injini kwa kawaida humwacha mtu kando ya njia akingoja msaada. Hitilafu ya breki au tairi humtupa nje ya njia. Chuma kilichopakwa mafuta kinaweza kungoja miaka 10 na kikazinduka. Mpira na mafuta ya breki havingoji hata kama havikuguswa na mtu.

Wapo na wengine wanaosema kwamba vyombo hivi vya zamani havina maana tena, na kwamba mtu mwenye akili angevitupa. Hao nao siwaungi mkono. Pikipiki ya kizazi hicho ni kitabu kilicho wazi. Kabureta yake yaweza kufunguliwa mezani, na mwanafunzi akaona kwa macho jinsi hewa inapopita mahali pembamba inavyovuta petroli. Breki yake humfundisha kanuni ya shinikizo la vimiminiko, cheni humfundisha uwiano wa gia, na mteremko wa Lushoto humfundisha uhifadhi wa nishati kuliko ubao wowote. Kuitupa mashine iliyo nzima kwa sababu hatukutaka kubadilisha chupa moja ya mafuta si maendeleo, ni uvivu uliovishwa nguo mpya.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, kila mwenye pikipiki ya zamani awe na daftari, na ndani yake aandike tarehe ya mafuta ya breki, ya mipira, ya tairi na ya oili. Anayenunua na asiambiwe tarehe hizo, ahesabu kwamba hazipo, na abadilishe vyote kabla ya safari ya kwanza, akisoma kifuniko cha kikopo ili ajue daraja la mafuta linalotakiwa. Pili, vyuo vya ufundi viweke somo la kuzeeka kwa vifaa sambamba na somo la kuchakaa, maana ni mambo mawili tofauti: kuchakaa huletwa na kazi, kuzeeka huletwa na wakati. Tatu, ukaguzi wa vyombo vya moto usiridhike na taa zinazowaka na honi inayolia, bali usome pia tarakimu za tairi na kutazama rangi ya mafuta ya breki. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa gharama. Yahitaji tochi na dakika mbili. Faida yake haitawafikia wenye pikipiki za mbio peke yao, kwa kuwa kijana wa bodaboda anayembeba abiria mvuani hutegemea mpira ule ule na, pale breki yake inapotumia mafuta, kimiminiko kile kile.

Pikipiki yangu ingali nami. Rangi yake imeanza kufifia, na bomba la moshi halimwonyeshi mtu uso wake tena. Lakini mipira ya breki ni mipya, tarehe zake zimo daftarini, na kila nikifika juu ya mteremko hushusha gia kabla ya kugusa breki. Anayetaka kuutunza uzuri wa mashine ya zamani na aanze kwa kuutunza uhai wa yule anayeipanda.