Jina la Mto Lisiwe Milki ya Duka

Mwaka wa 2012, ICANN, shirika lisimamialo anwani za intaneti, liliziruhusu kampuni kuomba majina yao yawe sehemu ya mwisho ya anwani, pale tulipozoea kuona ".com". Ada ilikuwa dola 185,000 za Marekani kwa kila ombi. Kampuni ya Amazon ikaomba ".amazon".

Brazil na Peru zilipinga vikali, kwani jina hilo ni la mto na msitu unaokaliwa na watu wao. Baada ya mabishano ya miaka, ICANN iliamua mwaka wa 2019 kwamba ombi la kampuni liendelee. (Patagonia, wauza nguo, walikuwa waungwana zaidi: Argentina ilipolalamika, waliondoa ombi lao mwaka wa 2013.)

Sikatai kwamba kampuni ina haki ya kujikinga na matapeli waigao anwani yake. Ninachopinga ni jina la mahali kupewa mwenye fedha ilhali wenyeji wamekataa. Mwalimu wa jiografia na awaulize wanafunzi wake leo Amazon ni nini, kisha ahesabu watakaoutaja mto.