Afya ya Mama: Kahawa ya Uyoga na Maumivu ya Tumbo

Mwezi huu tuzungumze juu ya kahawa ya uyoga, ambayo wengi hutuuliza kama inatibu tumbo.

Tulikwenda Kendwa kumjulia hali mama mmoja ambaye mumewe anafanya kazi hotelini. Akatukaribisha kahawa hiyo. Alikuwa akiinywa asubuhi na jioni kwa sababu tumbo lilimwaka moto. Tulipomdodosa akasema kwa sauti ya chini, "Mama nesi, siku hizi choo changu ni cheusi kama lami." Vikombe tuliviacha pale pale, tukampeleka hospitali. Alikuwa na kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Tunashukuru kwamba leo ni mzima.

Uyoga unaotiwa katika kahawa hii mara nyingi ni ganoderma, ambao Wachina wameutumia tangu zamani. Lakini haijathibitishwa kwamba unaponya vidonda vya tumbo. Tena kahawa ni kahawa: huweza kuongeza asidi na kiungulia. Ganoderma pia huweza kuchelewesha damu kuganda. Kama unatumia warfarini au aspirini, una mimba, unanyonyesha au unangoja kupasuliwa, usiinywe kabla ya kumwuliza daktari.

Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na mambo mawili. La kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Hupimwa kwa choo au pumzi, na dawa zake hunywewa kwa kawaida siku 14. Usiziache njiani kwa kuwa umepata nafuu. La pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, tunazozinunua dukani kwa ajili ya mgongo na kuzimeza ovyo.

Nyumbani, kula kidogo kidogo, punguza pilipili na achari zikikusumbua, na usilale kabla ya saa 2 au 3 kupita baada ya kula. Uyoga wa mamama ni kitoweo kizuri, upike uive vema. Wa porini usioufahamu, usiuchume.

Ukiona choo cheusi, ukitapika damu, ukikonda bila sababu au ukishindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama, tumbo lako usilifiche kwa aibu, watoto wanakuhitaji.

Tukutane mwezi ujao.