MGENI NJOO, LAKINI FUNDI ABAKI NA UFUNDI

Siku hizi imekuwa ada kuta za miji kupambwa kwa picha za vipande vya vigae, zile ambazo Waarabu huziita fusaifisa na Wazungu mozaiki. Wasanii huja kutoka ng'ambo, wakaungana na wenyeji, na ukuta uliokuwa mchafu ukawa fahari ya mtaa. Wapo wazee wenzangu wanaonung'unika: ati wageni waja kutufundisha kupamba nyumba zetu wenyewe? Na wapo vijana wasemao, aje yeyote, mradi ukuta ung'are. Mimi nahitilafiana na pande zote mbili. Suala ni moja tu: mgeni akishapanda ndege, mwenyeji amebaki na nini mkononi?

Nasema haya kwa kuwa nami nilishiriki kazi kama hiyo, katika ukuta wa skuli moja hapa Mombasa. Wasanii walikuwa wa nchi mbalimbali, watu wa heshima na wachapa kazi. Walikaa chini pamoja nasi juani, wakala mahamri na mbaazi pamoja nasi. Mimi niliombwa maneno ya kutiwa chini ya picha, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, nikatoa haya: "Tia kipande chako." Juma zima nikawa nakata vigae kwa koleo na kuvipanga juu ya wavu, herufi baada ya herufi. Kazi hii yataka subira, kwani kipande kimoja kikikatwa kombo, mstari mzima huenda kombo.

Lakini michoro ilikuja imekwisha chorwa. Mwashi wetu, mtu aliyekulia katika chokaa, alipewa kazi ya kukoroga saruji na kuchukua ndoo. Naye ndiye aliyewaambia kuwa ukuta wa karibu na bahari hutoa chumvi, na kwamba plasta kuukuu yafaa ibanduliwe kwanza. Upande wa juu walimsikiliza. Walipofika upande wa chini siku zilikuwa zimekwisha. Wageni wakaondoka, makoleo yamo mikobani mwao. Baada ya masika mawili vipande vya chini vikaanza kudondoka, na kimojawapo kilikuwa nukta ya herufi ya te. Sisi tuliosoma chuoni twajua uzito wa nukta. Te ina nukta mbili juu. Ikipoteza moja huwa nuni. Basi "tia" ikawa "nia". Watoto wa skuli wanacheka, nami nacheka nao. Lakini mtaani hakuna aliyefundishwa kukikata kipande kile na kukirudisha mahali pake, wala kigae cha rangi ile hakikuachwa.

Yafaa tutazame walivyofanya watu wa kale. Katika karne ya 10, Khalifa al-Hakam wa Pili wa Andalusia alipoupanua msikiti mkuu wa Cordoba, alitaka mihrabu yake ipambwe kwa fusaifisa. Akamwandikia mfalme wa Rumi huko Konstantinopoli, asiye wa dini yake, ampelekee fundi. Mwanahistoria Ibn Idhari asimulia kuwa fundi yule alikuja na kantari 320 za vipande, hidaya ya mfalme. Khalifa akawaweka watumwa wake kando ya fundi wajifunze. Walijifunza hata wakampita, na alipopewa zawadi zake akarejea kwao, kazi haikusimama. Mihrabu ile ingaliko hadi leo.

Na hapa kwetu je? Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, au magofu ya Gedi. Wazee wetu walipachika bakuli za Kichina katika makaburi na mihrabu. Bakuli zilikuwa za kigeni, zimevuka bahari. Lakini chokaa ilichomwa hapa, na mkono uliochagua mahali pa kuzitia ulikuwa wa fundi wa hapa. Hawakuona haya kutumia cha mgeni, wala hawakumwachia mgeni mwiko.

Najua nitaambiwa: watu hawa wamejilipia nauli, wametuletea vigae, nasi twawadai zaidi? Huo si utovu wa shukrani? La hasha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe waja nalo wenyewe. Tunaloomba ni watuonyeshe linavyoshikwa, na wakienda watuachie moja.

Kwa hivyo, kabla ya kipande cha kwanza kubandikwa, wanaosimamia kazi hizi wakubaliane na wageni mambo matatu. Kwanza, kila msanii awe na fundi au kijana wa mtaa kando yake, tangu kuchora hadi kuziba nafasi za mwisho kwa saruji. Pili, makoleo na akiba ya vigae vya kila rangi viachwe skulini au kwa mzee wa mtaa, mahali panapojulikana. Tatu, jina la mwashi liandikwe ukutani pamoja na majina ya wasanii, kwani mtu mwenye jina lake pale hatapita akaona kipande kimeanguka akaenda zake.

Haya yakikubaliwa, na waje hata kesho. Kuta tunazo tele.