MASHAURI YA JUMA: Nyonga Iliyoumia na Saa ya Sheria



Wakaaji wa mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi, tangu Shauri Moyo na Kaloleni hata Umoja na Dandora, huvuka barabara kubwa kila siku kwenda kutafuta riziki, na wengi wao hufanya kazi katika viwanda vya Industrial Area. Kwa hiyo majeraha ya nyonga si mageni kwetu. Mmoja hugongwa na matatu katika Barabara ya Jogoo, mwingine huanguka kutoka juu ya pikipiki, na mwingine huangukiwa na mzigo kiwandani. Wako wanaokosa fidia, wala si kwa kuwa hawana haki, bali kwa kuwa hawajui mambo mawili: nyonga huchelewa kuonyesha ubaya wake, na sheria haimngoji mtu.

Tuanze na nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya mfupa wa kiuno kama mchi ndani ya kinu. Mtu akigongwa kwa nguvu, kichwa hicho huweza kuchomoka, au shingo yake huvunjika, na mishipa midogo inayokipelekea damu ikakatika. Madaktari hutaka mfupa uliochomoka urudishwe mahali pake upesi, yafaa kabla ya saa 6 kupita. Hata hivyo mfupa uliokosa damu huweza kufa polepole, na maumivu yakarudi baada ya miezi mingi, pengine mwaka 1 au 2, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kuyaweka magongo yake. Huenda mwishowe akahitaji nyonga ya bandia, ambayo gharama yake ni kubwa, na ambayo kwa kijana huenda ikachakaa na kubadilishwa tena.

Sasa tutazame saa ya sheria. Aliyegongwa barabarani ana miaka 3, tangu siku ya ajali, ya kufungua kesi. Ikiwa motokaa ni ya Serikali, muda wake ni miezi 12 tu. Naye lazima athibitishe kosa la dereva. Na kama yeye mwenyewe alivuka ovyo na daraja la wapitao kwa miguu lilikuwa karibu, hakimu huweza kumpunguzia fidia. Bima ya lazima humlipa mtu mmoja kiasi kisichozidi shilingi 3,000,000.

Aliyeumia kazini ana njia yake, nayo ni ile sheria ya mwaka 2007 iitwayo kwa kifupi WIBA. Amjulishe tajiri wake mara moja, na tajiri akiisha pata habari ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Mfanyakazi asikimbilie mahakamani kumshitaki tajiri, maana Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo, inayompeleka kwa Mkurugenzi kwanza, ni halali. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga.

Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia, na hesabu huanzia mshahara wa miezi 96. Mathalan, mtu apataye shilingi 20,000 kwa mwezi akipimwa asilimia 25, hesabu yake ni robo ya shilingi 1,920,000, yaani shilingi 480,000. Tazameni basi jinsi tarakimu moja ya daktari ilivyo na uzito, na jinsi ilivyo hasara kupimwa kabla mfupa haujatulia.

Sisi makarani twajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ajali na iandikwe katika kituo cha polisi, na namba ya kitabu cha matukio iwekwe. Zitafutwe abstrakti ya polisi na fomu ya P3. Kila picha ya eksirei, kila cheti cha hospitali, kila risiti ya dawa na ya nauli, pamoja na hati za mshahara, vitiwe katika bahasha moja. Gharama isiyo na risiti ni vigumu kulipwa.

Mwisho, jihadharini na watu wanaozunguka vitandani mwa majeruhi wakiwa na kalamu mkononi. Fedha ya haraka hupendeza wakati kodi ya nyumba imechelewa na watoto wamefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo. Lakini hati ya kumaliza madai ikiisha kutiwa sahihi ni vigumu sana kuitengua, hata ikiwa nyonga itaoza mwaka ujao. Asiyejua kusoma na asomewe na mtu wake amwaminiye, kabla ya kutia dole gumba.

Basi mtu afanyeje, ikiwa mwili wataka kungoja na sheria yakataa? Afungue madai mapema ndani ya muda, wala asiyamalize mapema. Amwombe daktari wa mifupa aandike katika ripoti yake hatari zinazoweza kuja pamoja na gharama ya upasuaji wa baadaye, na wakili aidai gharama hiyo waziwazi katika hati ya mashitaka, maana hakimu hatoi lisiloombwa. Mtu akifanya hivyo, saa ya sheria haitampita, na nyonga yake itapata nafasi ya kusema yaliyomo ndani yake.